Tupeane uzoefu: neema ilipomfikia mtu ambaye kwa hesabu zako hakustahili

Mleta mada
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Baba alituacha nikiwa darasa la tatu. Mama akatulea kwa kuuza vitumbua. Mwaka juzi mzee alirudi mgonjwa, akatubu, akabatizwa kitandani, siku tisa baadaye akafariki. Kwaya yangu ndiyo iliyomwimbia. Nilisimama mstari wa mbele na mdomo nimeufunga, huku mama, aliyemnywesha uji siku zote zile, akiimba mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Tangu hapo Mathayo 20, ule mfano wa Yesu wa vibarua wa shamba la mizabibu, inanichoma. Walioingia shambani saa kumi na moja (sisi wa saa za Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa, jua limeshainama) wanalipwa dinari ile ile ya waliodamka. Nani amepitia hili?

Kibarua mstaafu
Pole sana dada. Nimefanya vibarua vya ujenzi miaka sita. Kijiweni tulifika saa kumi na mbili asubuhi, kila mtu na beleshi lake. Gari likija, wanabebwa wenye misuli. Ukibaki mpaka saa nane mchana usidhani umepumzika, unawaza utarudi kwa watoto na nini. Siku moja mama mmoja alinichukua jioni kumhamishia tofali kabla ya mvua, akanipa hela ya kutwa nzima. Nilipitia dukani: unga kilo mbili na mafuta ya kupima. Wale wa jioni kwenye mfano huo walipoulizwa mbona wamesimama tu, walijibu hakuna aliyewaajiri. Mahubiri mengi yanauruka mstari huo. Dinari ilikuwa ujira wa siku moja. Ukimkatia mtu kwa saa aliyofanya, nyumbani kwake wanalala njaa.

Kaka mkubwa
Someni Luka 15, mfano wa mwana mpotevu na kaka yake, mpaka mwisho. Baba anatoka nje kumsihi na yule mkubwa, na hatuambiwi kama aliingia. Mdogo wangu aliuza shamba la urithi, akapokelewa. Mimi nilikaa nje miaka minne.

Mjane
Naomba niseme tofauti. Aliyemgonga mume wangu akiwa amelewa sasa anahubiri. Nimemsikia akishuhudia kwamba Mungu amemfutia yote. Kwangu hajawahi kupiga hodi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, naye alipokea neema, lakini alisimama akasema atawarudishia mara nne aliowadhulumu. Msamaha wa Mungu siupingi, nami nauishi kila siku. Namwombea afike mlangoni kwangu, na siku atakayofika naiogopa.

Mleta mada
Mama, nimekusoma nikalia. Kaka wa kijiweni, sikuwahi kumfikiria baba kama mtu aliyesimama sokoni siku nzima. Bado siwezi kusema alikosa wa kumwajiri, maana sisi tulikuwepo na tulimhitaji. Jumapili hii kwaya inarudia wimbo ule wa mazishi. Nimemwambia mwalimu nitakuwepo.