Tupeane uzoefu: mnaandikaje ugomvi wa ndugu kwenye tamthilia mpaka mtu akaamini?

Wakuu habari zenu. Naandika tamthilia na familia ndo inanitoa jasho kuliko kitu chochote, yani ukiwaweka mama na mabinti wawili sini moja (yani onyesho moja) wanaanza kuhutubiana, "mama hukunipenda tangu utotoni", wakati ndugu hawasimuliani historia yao, wanaijua tayari. Sa hivi nawapa kitu kidogo cha kugombania. Kuna sini wanapanga vitu vya marehemu baba, dada mkubwa anachukua saa ya mzee anaivaa bila kuuliza, mdogo anasema tu "hiyo haitembei". Basi. Mtazamaji ameshajua nani alimuuguza baba na nani alitokea siku ya msiba. Wengine mnafanyaje?

— Umegusa penyewe mkuu. Mimi kabla sijaanza skripti nachukua tukio moja la zamani kila mwanafamilia analisimulia kivyake. Kaka anakumbuka aliacha shule ili wadogo wasome, mdogo anakumbuka kaka alikuwa anampiga, na wote wanasema kweli! Hapo ugomvi unajiandika wenyewe. Na yule mkorofi wa familia ndo nampa hoja nzito kuliko wote, bila hivyo mtu anamchukia dakika ya kwanza na hana sababu ya kuendelea kumwangalia.

— Kwangu mimi ni siri. Naandika pembeni nani anajua nini na kuanzia episodi ya ngapi. Mtazamaji akijua kabla ya mhusika, hata sini ya watu wanakula tu inakuwa na presha, ila ukiwaficha wote mpaka mwisho unapata mshtuko mara moja imeisha. Halafu msimsahau aliyejua akanyamaza, siri ikitoka hasira nyingi zinamshukia yeye kuliko hata aliyetenda.

— Jamani na msamaha tusiuharakishe, kila kitu kinaisha kwa kukumbatiana na kulia. Mama yangu na dada yake walinuniana miaka, siku walipoongea hakuna aliyeomba radhi, mmoja alipiga simu kuuliza dawa ya kikohozi cha mtoto wakaendelea kama vile waliachana jana. Nimeiandika hivyo hivyo, mwongozaji akataka machozi, nikang'ang'ana ikabaki.

— Asanteni sana, hiyo ya kila mtu asimulie kivyake naanza nayo leo. Kuna aliyewahi kuandika mama wa kambo ambaye si mbaya? Mimi kila nikijaribu anakuwa malaika, na malaika hana cha kufanya kwenye sini.