Kampeni za umeya zimegeuka mnada wa barabara za juu na treni za kwenye mabango, abiria tunaachwa kituoni!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyetaka kusoma apite tu.

Kila msimu wa kampeni za umeya ukifika, wakazi wa jiji wanagawanywa timu mbili. Timu moja inaambiwa ni ya wenye magari, nyingine ni ya watu wa treni na baiskeli. Mgombea huyu anapanda jukwaani na mchoro wa barabara ya juu, yule anakuja na ramani ya reli yenye rangi za kila namna. Watu wanashangilia, wanatukanana, wanapiga kura. Muhula unapita, na mtu anayesubiri basi alfajiri anasubiri basi lilelile, limejaa vilevile, limenasa kwenye foleni ileile.

Lalamiko langu ni hili: mdahalo wa umeya unatumia saa nzima kwenye miradi ambayo mara nyingi meya hana mamlaka nayo, hana fedha zake, na siku ya kuizindua hatakuwepo ofisini. Yale anayoweza kuyaanza ndani ya mwaka wake wa kwanza hakuna anayemuuliza. Na hili si la jiji moja wala la nchi maskini peke yake.

Chukueni Toronto, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2007 meya David Miller alitangaza mpango wa reli nyepesi (treni ndogo za umeme zinazopita zaidi juu ya ardhi) ulioitwa Transit City, njia saba za kufika hadi vitongoji vilivyokuwa vimesahaulika. Mwaka 2010 akaja Rob Ford. Kampeni yake ilisema kuna "vita dhidi ya magari", kwamba reli za juu ya ardhi zinawanyang'anya madereva barabara, na wananchi wanataka treni za chini ya ardhi. Akashinda. Tarehe 1 Desemba 2010, siku yake ya kwanza ofisini, akatangaza kwamba Transit City imekwisha. Mwaka 2012 madiwani wakamgeuka, wakairudisha reli nyepesi. Mwaka 2013 wakageuka tena: upande wa Scarborough, eneo la mashariki mwa jiji, badala ya reli nyepesi ya vituo saba ambayo serikali ya jimbo ilishakubali kuilipia, wakaamua ichimbwe treni ya chini yenye vituo vitatu. Mwaka 2016 vituo vitatu vikapunguzwa, kikabaki kimoja. Mwaka 2019 serikali ya jimbo, safari hii chini ya Doug Ford, kaka yake Rob, ikauchukua mradi mkononi mwake na kuvirudisha vitatu.

Huku wakubwa wanabadilishana michoro, wananchi wa Scarborough walikuwa wanapanda treni iliyofunguliwa mwaka 1985, iliyochakaa na kupitiliza umri wake. Julai 2023 behewa lake la nyuma likaacha reli, abiria kadhaa wakaumia, na njia hiyo haikufunguliwa tena. Wakaambiwa wapande mabasi. Hesabuni chaguzi zilizopita hapo katikati: 2010, 2014, 2018, 2022. Kila mara kuna aliyesimama akaahidi kuwaletea treni watu wa Scarborough. Hiyo ya 2014 aliyeshinda, John Tory, aliahidi vituo 22 ndani ya miaka saba, kwa kutumia sehemu kubwa ya reli zilizokuwepo tayari. Miaka saba ikaisha hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Nani aliwajibishwa? Alichaguliwa tena 2018, na tena 2022.

Hapo ndipo damu yangu inapochemka. Ahadi ya treni haina gharama kwa anayeitoa. Anakusanya kura leo, na deni la kutoitimiza linaangukia kwa mtu mwingine, baada yake.

Sasa njooni kwenye suala la nani mwenye barabara, maana huko nako tunadanganywa mchana kweupe. Seattle walikuwa na barabara ya juu iliyopita ufukweni, ikatikiswa na tetemeko la ardhi la Februari 2001. Ibomolewe, ijengwe upya, au lichimbwe handaki? Mwaka 2007 wananchi waliulizwa wakakataa yote mawili, handaki na barabara mpya ya juu. Januari 2009 viongozi wakakubaliana handaki refu la kina. Uchaguzi wa umeya mwaka huohuo ukageuka kuwa uchaguzi wa handaki, japokuwa meya aliyekuwepo, Greg Nickels, aliangushwa kwenye mchujo na mengine pia, ikiwemo jinsi jiji lilivyoshindwa kusafisha theluji. Mike McGinn, aliyelipinga handaki waziwazi, akawa meya. Mwaka 2011 ikapigwa kura nyingine, walio wengi wakasema handaki liendelee. Desemba 2013 mashine ya kuchimbia ikaharibika chini ya ardhi na kukaa karibu miaka miwili. Handaki lilifunguliwa Februari 2019, na McGinn alikuwa ameshashindwa uchaguzi tangu 2013.

Na hiyo barabara ni ya jimbo. Ya jimbo, wakuu! Meya hakuwa mwenye mradi wala mlipaji mkuu. Alikuwa na uwezo wa kusumbua, kuchelewesha, kudai masharti, na jambo moja la maana alilolipigia kelele ni hili: mradi ukizidi gharama, nani atalipa ziada? Lakini wapiga kura walifanywa waamini kwamba karatasi moja ya kura itaamua kama handaki litakuwepo au la. Sehemu nyingi za dunia ndivyo ilivyo: barabara kuu ni za serikali kuu au jimbo, reli ni za shirika lingine, mikopo inasainiwa na wizara. Meya anabaki na mitaa, taa za barabarani, maegesho, njia za waenda kwa miguu, na kiti kwenye bodi fulani. London ni tofauti kidogo, maana pale meya ndiye mwenyekiti wa mamlaka ya usafiri. Ndiyo maana Ken Livingstone aliweza kuanzisha tozo ya magari kuingia katikati ya jiji Februari 2003, akaipeleka kwa wapiga kura 2004 ikiwa inafanya kazi, akashinda. Watu walipigia kura kitu walichokwisha kukiona.

Ubaya wa pili ni ubomoaji. Mgombea anaahidi kuua mradi wa mtangulizi wake kana kwamba kuua ni bure. Houston mwaka 1991, Bob Lanier alimwangusha meya Kathy Whitmire akiwa anaupinga mpango wa treni ya juu, na fedha za usafiri wa umma zikaelekezwa kwenye barabara na polisi. Reli nyepesi ya kwanza pale ilianza kubeba watu Januari 2004. Cincinnati, John Cranley alishinda umeya Novemba 2013 akiahidi kuusimamisha mradi wa tramu (treni ndogo ya mitaani) ambao reli zake zilikuwa zinalazwa tayari. Ukasimamishwa kweli. Ndani ya wiki chache wakaguzi wakaonyesha kwamba kuvunja mikataba na kurudisha fedha za serikali kuu kungemeza mamilioni ya dola bila jiji kupata chochote. Desemba hiyohiyo madiwani wakapiga kura kazi iendelee. Bogotá nako, Gustavo Petro akiwa meya aliacha michoro ya metro ya chini ya ardhi, Enrique Peñalosa akaingia 2016 akaitupa na kuleta ya juu. Petro alipokuja kuwa rais wa Kolombia akataka irudi chini, wakati mkataba wa ile ya juu ulishasainiwa 2019. Michoro hailipwi kwa makofi. Ni kodi ya watu.

Sitaki kusikia kwamba hawa hawajui. Utafiti wa Bent Flyvbjerg na wenzake wa mwaka 2002, uliopitia miradi 258 ya usafiri, ulikuta reli zinazidi makadirio ya gharama kwa wastani wa karibu asilimia 45 na barabara karibu asilimia 20. Kwa upande wa barabara, Gilles Duranton na Matthew Turner walionyesha mwaka 2011, kwa takwimu za miji ya Marekani, kwamba ukiongeza barabara kuu mjini, magari nayo yanaongezeka karibu kwa kiwango hichohicho, na foleni inarudi. Hayo yapo wazi kwa kila anayetaka kuyasoma. Lakini mgombea bado anasimama na kusema "nitaongeza njia mbili, foleni itaisha", na mwendesha mdahalo anamshukuru, anamgeukia mwingine!

Ndiyo, waendesha midahalo, nanyi mnahusika. Swali lenu ni lilelile: "Unaunga mkono barabara kuu mpya, ndiyo au hapana?" Mgombea anajibu kwa neno moja, kila timu inapata kichwa cha habari, mchezo umekwisha. Hamuulizi ni nani atasaini mkataba. Hamuulizi basi litapita kila baada ya dakika ngapi, wala kama litapewa njia yake. Wataalamu wa mitaa ya miji hukadiria kwamba njia moja ikiachwa kwa magari madogo hupitisha watu 600 hadi 1,600 kwa saa, na ikitengwa kwa mabasi yanayofuatana hupitisha 4,000 hadi 8,000. Kazi yake kubwa ni rangi, vizuizi, taa za kuyapa mabasi kipaumbele, na usimamizi wa kuwatoa wanaoegesha humo. Haihitaji handaki. Inahitaji meya mwenye ujasiri wa kumwambia mwenye gari kwamba njia hii si yako tena, na hapo ndipo wanapokimbilia treni ya miaka kumi na tano ijayo, kwa sababu treni ya kwenye bango haimuudhi mtu yeyote leo.

Wapo waliofanya kwa heshima. Strasbourg mwaka 1989, mgogoro ulikuwa tramu au treni ndogo isiyo na dereva. Mgombea umeya Catherine Trautmann alisema tramu, na alisema pia kwamba magari yatatolewa katikati ya mji ili ipite. Hakuficha maumivu. Akashinda, tramu ikaanza Novemba 1994, na 1995 wananchi wakamrudisha. Muhula mmoja! Seoul mwaka 2002, Lee Myung-bak aliahidi kubomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon. Ubomoaji ulianza 2003, kijito kikafunguliwa Oktoba 2005. Katikati ya hapo, Julai 2004, alipanga upya mabasi yote ya jiji, njia za mabasi katikati ya barabara, na nauli iliyounganishwa na ya treni. Siku za mwanzo zilikuwa vurugu tupu hadi akawaomba radhi wananchi hadharani. Wapo pia wachuuzi walioondolewa pale na kuumizwa na mradi huo, na mtu asiwasahau anapousifu. Lakini aliyenyang'anywa barabara alipewa basi, tena ndani ya muhula uleule.

Stockholm ndiyo inayonipa moyo kuliko zote, na inawahusu wanasiasa waongo moja kwa moja. Annika Billström, aliyekuja kuwa meya, aliahidi kabla ya uchaguzi wa 2002 kwamba hakutakuwa na tozo ya magari. Baada ya kushinda akakubali tozo kwenye makubaliano ya kisiasa. Ikajaribiwa kuanzia Januari hadi Julai 2006, magari yanayovuka mpaka wa eneo la tozo yakapungua kwa karibu moja ya tano. Septemba 2006 wananchi wa jiji wakapiga kura ya maoni siku moja na uchaguzi mkuu. Tozo waliikubali. Chama cha Billström wakakitoa madarakani. Kwa hiyo msituambie wapiga kura hawaelewi mambo magumu.

NYONGEZA: Kuna mdau amenijibu kwamba nachukia magari, mwingine kasema mimi ni mpinga maendeleo nisiyetaka treni. Ndugu zangu, hizo ndizo timu mbili ninazozilalamikia. Fundi anayebeba vifaa vyake anahitaji gari, na njia ya basi inayowatoa wengine barabarani inamsaidia yeye pia. Treni nazitaka sana. Nataka tu anayeniahidi anionyeshe mkataba, chanzo cha fedha, na nitakachopanda wakati inajengwa.

Mwingine kauliza, sasa tufanye nini. Pale mlipo kama kuna uchaguzi wa meya unakuja, wekeni hapa ilani za wagombea wenu, kurasa za usafiri tu. Tuzipitie pamoja, mradi mmoja baada ya mwingine: barabara au reli hiyo ni ya nani kisheria, ziada ya gharama inamwangukia nani, na katika miezi 12 ya kwanza abiria wa basi anabadilishiwa nini. Ukurasa usiojibu, tuandike kwamba haujibu, na tumpelekee mgombea mwenyewe kabla ya mdahalo.