Mtoto anaomba, anasoma, bado anafeli, sasa anataka kuacha vyote. Namfundishaje saburi bila kumvunja moyo?

MamaWawili:
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba ushauri wa wazazi na walimu, hasa wanaofundisha shule ya Jumapili.

Nina watoto wawili, wa miaka 12 na 8. Mkubwa huomba kabla ya kila mtihani wa hesabu, na alama hazipandi. Sasa ameniuliza waziwazi, "Kama Mungu anasikia, mbona nafeli?" na ameanza kukwepa ibada ya nyumbani. Mdogo kila kitu anakianza kwa moto, kikimshinda mara moja anakiacha, iwe mstari wa kukariri au zoezi la kusoma. Nikiwaambia "vumilieni, Mungu yupo", naona kabisa maneno hayawaingii.

Mkubwa nimjibu nini? Mdogo nimfundisheje kutoacha njiani? Na zawadi zinasaidia au zinaharibu?

Mwl_Jumapili:
Amina, dada. Nianze na mkubwa, kwa sababu swali lake ni zito na ni la haki. Usimkemee kwa kuliuliza.

Inaelekea ameelewa maombi kama malipo: natoa sala, napewa alama. Hapo ndipo pa kunyoosha. Msomee 2 Wakorintho 12:7-9. Paulo alimsihi Bwana mara tatu aondolewe mwiba, haukuondolewa, wala hakuambiwa kwamba imani yake ni ndogo. Aliambiwa neema yatosha. Kisha Mathayo 26:36-44: Yesu mwenyewe aliomba mara tatu kikombe kimwepuke, na alikinywa. Mtoto wa miaka 12 anaweza kabisa kuelewa kwamba mtu anaweza kupendwa na Mungu, akaomba vizuri, na asipate alichoomba.

Baada ya hapo mpe mahali pa kulalamika. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na katika miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Isomeni pamoja, halafu mwambie aandike yake kwa umbo lilelile: sentensi mbili za malalamiko, mbili za ombi, mbili za tumaini. Kama sehemu ya tumaini haiji wiki hii, aiache wazi na airudie wiki ijayo. Usimjazie wewe. Wazazi wengi wanaharibu hapo: mtoto anaandika ukweli wake, mzazi anakimbilia kuweka "lakini nakushukuru Mungu", na mtoto anajifunza kwamba ibadani husemwa yale yanayompendeza mama.

Jambo la tatu ni maneno ya sala yenyewe. Badala ya "nipe alama nzuri", aombe yale ambayo ataona yakitendeka: utulivu wa kusoma swali mara mbili, ujasiri wa kumwuliza mwalimu, uaminifu wa kutotazamia kwa jirani. Na kila ombi liende na kazi yake. Nehemia 4:9 inaweka yote mawili katika mstari mmoja, walimwomba Mungu na wakaweka walinzi usiku na mchana. Danieli na wenzake Mungu aliwapa maarifa (Danieli 1:17), lakini mstari wa 5 unasema walipangiwa miaka mitatu ya kufundishwa. Watoto husimuliwa Danieli wa simba na hawasikii habari za Danieli mwanafunzi.

Kuna sentensi tatu naomba zisisikike nyumbani kwako: "hukuomba kwa imani", "Mungu amekufelisha ili akufundishe", na "mwenzako anafaulu kwa sababu anamcha Mungu". Zote zinafunga upendo wa Mungu kwenye karatasi ya mtihani. Siku karatasi ikija mbaya tena, mtoto atakuwa amepoteza hesabu na Mungu kwa pamoja.

HesabuNaNeema:
Naunga mkono, ila niongeze upande wa darasani, maana hapa pana hatari ya kumfundisha mtoto kuvumilia njia mbovu. Akirudia kosa lilelile kwa bidii, atalizoea tu. Kabla ya kumwambia aongeze bidii, tafuta panapokatika.

Chukua mtihani wake wa mwisho, upitie majibu aliyokosa, usiangalie alama. Tuseme ameulizwa 3/4 + 1/6 akaandika 4/10. Huyo si mvivu. Amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwulize kwanza: robo tatu ni zaidi ya nusu au chini? Zaidi. Na 4/10? Chini ya nusu. Umeongezaje kitu kikapungua? Mwache akae na hilo dakika moja nzima, usimwokoe. Ndipo mrudi kwenye kigawe kidogo cha shirika (KDS): cha 4 na 6 ni 12, kwa hiyo 9/12 + 2/12 = 11/12. Kama KDS inamshinda, tatizo haliko kwenye sehemu, liko kwenye jedwali la kuzidisha, na huko ndiko pa kuanzia hata kama ni mambo ya miaka mitatu nyuma.

Kisha daftari la makosa. Kila kosa lipewe mistari mitatu: nilichoandika, kwa nini si sahihi, hatua sahihi. Asinakili swali zima, atachoka. Alirudie swali la aina hiyohiyo kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 14, akiwa amefunika jibu. Kusoma tena daftari huku majibu yanaonekana humpa mtoto hisia kwamba anajua, na kwenye mtihani hisia hiyo inamtoroka. Kinachojenga kumbukumbu ni kulitafuta jibu kichwani bila kuangalia.

Kwa siku maswali 6 yanatosha: 3 anayoyaweza, 2 ya katikati, 1 gumu. Dakika 25 kwa mkubwa, 10 hadi 15 kwa mdogo, halafu apumzike. Akikwama, dakika 5 za kwanza ni zake mwenyewe: asome swali upya, achore, atafute mfano uliokwisha fanywa. Zikiisha, aombe msaada kwa swali mahususi. "Sielewi" halitoshi, aseme "sielewi hii 12 imetoka wapi". Kuomba msaada namna hiyo nako ni uvumilivu, na afundishwe hivyo.

Mwisho, kama juhudi ipo na herufi au tarakimu bado zinapinduka, au analalamika ubao hauonekani, apimwe macho na masikio, na mwalimu aulizwe kuhusu ugumu wa kusoma au wa hesabu. Hilo halitibiwi kwa kukaza moyo.

Mzee_Kiwanda:
Mimi nasema watoto wa sasa wanabembelezwa mno. Asilale mpaka amalize kazi. Saburi inatokana na dhiki, Warumi 5:3-4 iko wazi.

Mwl_Jumapili:
Mzee wangu, shikamoo. Warumi 5 ni kweli, lakini Paulo anazungumzia dhiki inayompata mwamini, hatuagizi tumtengenezee mtoto dhiki. Paulo huyohuyo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Wakolosai 3:21). Na tazama Mungu alivyomtendea Eliya alipochoka hata akaomba kufa, 1 Wafalme 19:4-8. Alilala, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa" lilikuja baadaye, mstari wa 9. Mtoto wa miaka 8 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa usiku, na wa miaka 12 vilevile. Ukimkatia usingizi, asubuhi ya mtihani hata alichokijua jana hakitoki.

Mzee_Kiwanda:
Marahaba mwalimu. Hiyo ya Eliya nimeikubali. Lakini kazi iliyoachwa usiku iamkiwe, isisahauliwe.

HesabuNaNeema:
Hapo tupo pamoja, mzee. Iendelee kesho mahali ilipoishia, na karatasi ibaki mezani ikionekana.

Shangazi_Kalamu:
Nijibu la mdogo na la zawadi.

Mtoto anayeacha mara anaposhindwa, mara nyingi amepewa kipande kikubwa kuliko mdomo wake. Chukua Wagalatia 6:9 na uukate vipande vinne: *Tena tusichoke / katika kutenda mema / maana tutavuna kwa wakati wake / tusipozimia roho.* Siku ya kwanza kipande cha kwanza na cha pili, basi. Uandike mstari wote ubaoni au kwenye karatasi, ausome mara mbili, kisha ufute neno moja na ausome tena kana kwamba bado lipo. Futa jingine. Anza na majina na vitenzi vikubwa, viunganishi kama "maana" viache mwisho kwa sababu ndivyo vinavyoshika mstari usianguke. Kufikia siku ya nne ubao uko mtupu na yeye anasema wote. Usisahau kumwuliza maana kwa maneno yake: kuvuna nini, na wakati wa nani? Mtoto anayekariri asichokielewa ataacha, na sioni kosa lake.

Akikwama katikati, mpe herufi ya kwanza tu ya neno linalofuata. Ukimpa sentensi nzima, umemfundisha kukungoja.

Kuhusu zawadi: upo utafiti wa mwaka 1973 wa Mark Lepper na wenzake kwa watoto wadogo waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Walioahidiwa cheti wakichora, baadaye walipoachwa huru walichora kwa muda mfupi kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Ndiyo maana naogopa mashindano ya peremende kwa kila mstari wa Biblia. Zikiisha peremende, mstari nao umekwisha. Zawadi isiyoahidiwa, inayokuja baada ya kazi, haikuleta hasara hiyo. Kwa hiyo mshangaze, usimwajiri.

Sifa nazo zina namna yake. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kwamba watoto waliosifiwa kwa akili, walipokutana na maswali magumu, walipoteza hamu na kufanya vibaya kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Basi acha "wewe una akili sana". Sema ulichokiona: "Umekwama kwenye 'kutenda', ukarudi mwanzo, ukapita." Lakini sifa isiwe ya uongo. Kama hakujitahidi, usimsifu kwa kujitahidi, watoto wanajua.

MamaWawili:
Mungu awabariki sana. Nimeyaandika yote. Nibaki na mawili. Mkubwa anasema anataka kuacha kwaya ya watoto pia, nimlazimishe? Na ibada ya nyumbani nifanyeje isiwe vita?

Mwl_Jumapili:
La kwaya: asiache siku aliyokasirika, na asilazimishwe milele. Mpangiane tarehe ya mwisho, kwa mfano mwisho wa muhula au baada ya wimbo wanaoufanyia mazoezi sasa. Mpaka siku hiyo anahudhuria kwa uaminifu. Ikifika, anaamua, na wewe unaheshimu uamuzi wake. Hapo amejifunza kumaliza alichoahidi, na ndicho tunachokitafuta. Akiacha, msiifanye kuwa habari ya kuasi. Yohana Marko aliwaacha akina Paulo njiani (Matendo 13:13), Paulo akakataa kwenda naye tena, hata akatengana na Barnaba kwa ajili yake (15:37-39). Baadaye Paulo huyohuyo anaagiza Marko aletwe, maana anamfaa kwa utumishi (2 Timotheo 4:11). Kijana anayejiona ameshindwa aisikie habari hiyo mpaka mwisho.

Ibada iwe dakika 10, saa ileile, hata siku za uchovu. Fungu fupi, swali moja lisilo na jibu la ndiyo au hapana, kila mmoja ombi moja. Mkubwa mpe zamu ya kuongoza mara moja kwa wiki, achague fungu mwenyewe. Akikataa kuomba kwa sauti, akae tu kimya pamoja nanyi. Kukaa kunatosha kwa sasa. Na ibada isigeuzwe baraza la kusomea makosa ya siku. Hilo ndilo linalowakimbiza watoto wengi kuliko urefu wake.

Shangazi_Kalamu:
Nami nipendekeze Yusufu kwa wiki yenu ya kwanza, kwa sababu miaka yake inahesabika na mkubwa wako anapenda au anachukia hesabu, vyovyote vile itamgusa. Miaka 17 anapouzwa (Mwanzo 37:2), 30 anaposimama mbele ya Farao (41:46). Waache wapate wenyewe kwamba ni 13.

Usiku wa kwanza sura ya 37, wa pili 39, wa tatu 40. Mwishoni mwa 40 mnyweshaji anamsahau Yusufu. Simameni hapo, msisome 41 usiku uleule hata wakiomba. Mwulize kila mmoja: kesho asubuhi gerezani, Yusufu afanye nini? Usiku wa nne ndipo wasome 41:1 na kukuta kwamba ilipita miaka miwili mizima. Halafu warudi 39:22 na 40:6-7 kutafuta kazi alizokuwa anafanya humo gerezani: alisimamia wafungwa, na aliona wenzake wana huzuni akawauliza kulikoni.

Kwa huyo wa miaka 8, habari ya mke wa Potifa ifupishe: alisingiziwa, basi. Sura ya 38 irukeni, si ya umri wake.