Kombania ya Tisa: waliokufa kweli ni sita, kwenye muvi wanakufa karibu wote. Sanaa au uongo?

Mchungulia Dirisha
Wakuu, salaam. Jana umeme ulirudi saa tano usiku, usingizi ukawa umeshakimbia, nikairudia 9 Rota, yaani Kombania ya Tisa, ile ya Warusi kule Afghanistan. Ya mwaka 2005, ya Fyodor Bondarchuk. Wengi mnaijua: vijana wanaaga kwao Krasnoyarsk mvua inanyesha, wananyolewa vipara, wanapelekwa mafunzoni Bonde la Fergana kwa yule mwalimu aliyechanganyikiwa, Dygalo, halafu Afghanistan, halafu kilimani. Kilimani anabaki mmoja tu, Lyuty.

Nilipoimaliza nikaanza kusoma. Kilima kipo kweli, kinaitwa 3234 kutokana na urefu wake kwa mita. Mapigano ni ya Januari 7 na 8, 1988, Warusi walipokuwa wanafungua barabara ya Khost. Askari 39. Waliokufa 6, majeruhi 28. Na hakuna aliyewasahau: mizinga ilikuwa inawasaidia kutoka nyuma na risasi waliongezewa usiku huohuo. Kwenye muvi mwaka umesogezwa hadi 1989, jeshi linafungasha virago, redio imeharibika, hakuna wa kuwaambia vita imekwisha. Wanakufa bure.

Swali langu: ni halali kumchukua mtu aliyepona ukamuua kwenye sinema ili sisi tulie? Karibuni, matusi hapana.

Kinyozi wa Tandale
Mkuu, muvi ni muvi. Mimi niliiona kibanda umiza, tumebanana kwenye benchi jasho linatiririka. Pale mwisho steringi anapomwambia mkubwa wake "Ndugu Kanali, waambie mama zao nimebaki mimi wa kuwazika", kibanda kizima kimya. Hata muuza karanga alisimama. Wanaume wazima tulitoka pale kila mtu anasema kaingiwa na vumbi. Hayo ya sita sijui thelathini yanakusaidia nini?

Mwanakwetu Voronezh
Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Nimeiangalia kwa Kirusi zaidi ya mara kumi. Lyuty anatoa taarifa ya kijeshi tu, kwamba kazi waliyopewa imetekelezwa. Baadaye ndiyo inakuja sauti yake anasema sisi tulishinda vita yetu, na kwamba hawakujua kuwa nchi waliyoipigania ilikuwa karibu kufutika. Habari ya mama na kuzika aliitia mtafsiri wenu wa kwenye mkanda. Ndiyo maana huwa nasema, aliyeangalia ya kutafsiriwa hajaiona filamu, kamsikiliza DJ.

Kinyozi wa Tandale
Haya, msomi kaingia. Kwa hiyo sisi ambao hatukupelekwa Urusi kwa kodi za wananchi, machozi yetu ni feki?

Mwanakwetu Voronezh
Kodi ya nani? Nilisoma kwa ufadhili wa serikali ya Urusi. Nauli alitoa marehemu baba, aliuza ng'ombe wawili na baiskeli. Usiongee usichokijua.

Kinyozi wa Tandale
Ng'ombe wawili na baiskeli halafu umekuja kutuwekea matabaka ya machozi. Sawa.

MamaPacha
Nimesoma mpaka hapa nikashangaa. Kuna jambo kwenye hiyo filamu hamjaligusa hata mmoja, nyie mmeshupalia DJ. Yule binti wanayemwita Snow White. Kikundi kizima cha vijana na msichana mmoja, usiku kabla ya kuondoka, na mwongozaji anatuonesha kama vile ni baraka wamepewa. Muziki laini, mwanga wa dhahabu. Vijana wana majina, wana kwao, wana historia. Yeye ana nini? Mkihesabu maiti za ziada, mhesabuni na huyo.

Kiberiti
Dada, pale palikatwa kibandani kwetu. Mwenye kibanda aliweka mkono mbele ya luninga. Mkono wenyewe una vidole vinne, tuliona robo.

MamaPacha
Ndiyo majibu yenyewe hayo. Nilijua.

Afande Mstaafu
Wanangu, nitasema kidogo. Mleta mada kaandika sita kama vile sita ni wachache. Chukua 39, toa sita, toa 28. Wanaobaki wazima ni watano. Kombania inayoamka asubuhi na watu watano wa kusimama kwa miguu yao haihitaji Bondarchuk aiongezee maiti. Mimi kilichonikera ni hicho. Aliuona ukweli mbele yake, akaona hautoshi.

Halafu kwenye sinema yale makombora yanayosawazisha kijiji. Sisi Kagera tulikuwa na BM-21 za Mrusi, mitambo ya kurusha makombora, Waganda wakaziita saba saba. Ukisikia zinavyotoka, unamwonea huruma hata adui.

Kinyozi wa Tandale
Shikamoo Afande. Ila Kagera ni 1978 na 79. Humu kila uzi ana afande wake wa Kagera. Mzee wangu ulikuwa na miaka mingapi, au ulikuwa unabebewa bunduki?

Afande Mstaafu
Marahaba. Kumi na tisa. Bunduki nilibeba mwenyewe.

Kiberiti
Kinyozi umemkata mzee bila maji 😂

Afande Mstaafu
Niongeze jambo, halafu niwaache. Kuna yule kijana kwenye sinema anayekwenda kijijini kutafuta kiberiti akapigwa risasi mgongoni. Watu wanasema mjinga gani afe kwa ajili ya kiberiti. Kwetu ilikuwa chumvi. Tulikula ugali na maharage yasiyo na chumvi siku tisa. Ya kumi mwenzangu mmoja akasema anajua nyumba ina chumvi. Mtu ukikosa kitu kidogo muda mrefu, kinakuwa kikubwa kuliko vita.

Mchungulia Dirisha
Afande, alirudi?

Nyota ya Lamu
Hodi kutoka Kenya. Ndugu zangu mwasema vita vya zamani na vita vi mlangoni. Huyo Smolyaninov aliyecheza Lyuty alipinga vita vya Ukraine, akaihama nchi yake, na 2023 serikali ya Moscow ikamwandika wakala wa kigeni. Na filamu yenyewe ilipigwa Crimea, Waukraine wakiwa washirika katika utengenezaji. Milima mnayoidhania Afghanistan ni Crimea hiyo. Haya, niambieni sasa nani alimsahau nani kilimani.

Mwanakwetu Voronezh
Hilo ni kweli. Na Putin aliiangalia 2005 pamoja na waigizaji, akaisifu. Lakini maveterani walitofautiana sana. Niwape kisa. Hosteli yetu ilikuwa na mlinzi wa zamu ya usiku, kule wanawaita "afganets", yaani aliyepigana Afghanistan. Filamu ilioneshwa kwenye luninga ya pale mapokezi. Ilipofika kilimani alizima sauti, akaendelea kuangalia picha tupu anamenya mbegu za alizeti, maganda anayapanga juu ya gazeti. Nikamuuliza kwa nini. Akasema milio si yenyewe.

Kiberiti
Kwa hiyo mlinzi alizima sauti ya Bondarchuk, Kinyozi akawekewa sauti ya DJ, na anayesema sisi hatujaiona filamu ni wewe tu. Na mlinzi naye hajaiona?

Na tukiwa hapohapo. Bondarchuk aliona vita ya kweli haitoshi kuliza, akaongeza maiti. DJ akaona muvi ya Bondarchuk haitoshi kuliza, akaongeza mama. Kazi ni ileile. Mmoja tunamwita mwongozaji, mwingine tunamwita mhuni wa kibandani. Nijibuni hilo.

Kinyozi wa Tandale
Usimwite DJ mhuni. Yule kawafundisha sinema watu ambao shule haikuwafundisha kusoma. Mama yangu mzazi alikuwa anajua Vietnam, anajua Hong Kong, anajua Afghanistan, herufi hajui. Nani mwingine alimfanyia hivyo?

Kiberiti
Sikumwita mimi, nimesema mnamwita.

Kinyozi wa Tandale
Umeandika mhuni. Lipo hapo juu.

MamaPacha
Nimjibu Nyota wa Kenya, maana nina vijana wawili pacha, mmoja kashaomba JKT. Hao vijana wenu wanaokwenda kupigana Ukraine siku hizi wanapelekwaje? Kwenye filamu kuna kijana mchoraji, Gioconda, anajitolea mwenyewe anadai huko ndiko kwenye urembo wa kweli. Nikasema huyu hajatumwa dukani na mama yake hata siku moja.

Nyota ya Lamu
Dada, kwetu hawaendi kutafuta urembo. Huambiwa kuna kazi ya ulinzi, ya udereva, mshahara ambao hapa hauupati hata kwa miaka. Wakifika hutiishwa saini karatasi za Kirusi wasizoweza kuzisoma. Serikali yetu yenyewe ilisema 2025 kuwa Wakenya waliojiunga na vita hivyo wapita 200.

Mwanakwetu Voronezh
Na sisi tulimzika wetu. Mwanafunzi, alikuwa kafungwa gerezani Urusi, akaahidiwa msamaha akipigana upande wa Wagner, kundi la mamluki wa Urusi. Alikufa Ukraine Oktoba 2022, mwili ukafika nyumbani Januari 2023. Siku ile nilikaa naangalia cheti changu ukutani. Tulikula kantini za namna moja, tulishika kadi za namna moja.

Kinyozi wa Tandale
Pole, kiongozi.

Mwanakwetu Voronezh
Asante.

Mchungulia Dirisha
Wakuu, tumetoka nje ya mada ila sawa. Nirudi kidogo: hakuna aliyejibu kama ni halali. Wale mashujaa wawili waliopewa nishani ya juu baada ya kufa, Aleksandrov na Melnikov, ni watu wa kweli. Aleksandrov alibaki na bombomu yake wenzake warudi nyuma. Kwenye muvi jina lake halipo. Si afadhali angetajwa yeye kuliko kutungiwa maiti ambao hawakuwepo?

Afande Mstaafu
Ukimtaja, familia yake itakuja kukuuliza mbona mwanangu hakuwa anavuta bangi. Ukitunga jina, hakuna wa kukuuliza. Wanajua wanachofanya.

MamaPacha
Na Waafghani nani atawatungia jina? Wanaokadiriwa kufa kwao katika vita ile ni kama milioni, Warusi kama 15,000. Mtoto wa Kiafghani ninayemkumbuka kwenye filamu nzima ni yule anayempiga mtu risasi mgongoni. Mmoja, na ndiye muuaji. Watu wa kile kijiji kilichosawazishwa hatuwaoni hata sura.

Kiberiti
Dada, filamu ni ya Warusi, unataka wamlilie nani? Sisi tukitengeneza ya Kagera utaweka sura ya askari wa Amin analia?

Afande Mstaafu
Nitaiweka mimi. Nilimwona mmoja. Alikuwa na viatu vya mpira, saizi haikuwa yake.

Kiberiti
Shikamoo mzee. Nimerudi nyuma.

Nyota ya Lamu
Na suala la babu je? Nasikia jeshini mwao askari mkongwe huitwa "ded", ndiyo babu, na vijana wapya hupigwa na hao mababu mpaka wengine hujiua. Kwenye filamu yule Khokhol aliyechezwa na Bondarchuk mwenyewe ni katika hao wakongwe.

Mwanakwetu Voronezh
Ndiyo, dedovshina. Filamu imeipaka sukari, lakini ipo. Na babu mwenyewe anaweza kuwa na miaka ishirini.

Kinyozi wa Tandale
Babu wa miaka ishirini. Hapa ofisini nina mteja wa miaka 20 nampiga dawa ya nywele nyeupe kila mwezi, kumbe anafaa.

Voronezh, samahani kwa ya kodi. Nilipandisha. Hiyo nakala ya Kirusi unayo?

Mwanakwetu Voronezh
Yameisha. Ninayo, yenye maandishi ya Kiingereza chini. Nitakutumia. Na mimi nikuombe: yenye DJ bado ipo popote?

Kinyozi wa Tandale
Mwenye kibanda aliuza mikanda yote alipofungua duka la vocha. Ila jamaa mmoja Manzese anayo kwenye flashi, inakwamakwama katikati. Nitamfuata Jumapili.

MamaPacha
Wamepatana wao. Swali langu la yule binti limekwenda na maji.

Kinyozi wa Tandale
Nimeangalia mwisho tu, dakika kumi, bila kusoma maandishi. Mleta mada, kweli umati wa maiti ni mkubwa, nimekuelewa kidogo. Voronezh, nina swali. Anapoteremka yule mkubwa kwenye helikopta, kijana anaanza na neno fulani kabla ya cheo, "tovarish", kitu kama hicho. Ni nini?

Mwanakwetu Voronezh
Tovarishch polkovnik. Ndugu Kanali.

Kinyozi wa Tandale
DJ alisema "Ndugu Kanali".

Mwanakwetu Voronezh
Hilo alipatia.