Mrejesho: rezista kwenye sensa ya hewa ya Toyota Runx

Wakuu, niliuliza kama kufunga rezista (kidude cha kuongeza ukinzani wa umeme) kwenye waya wa sensa ya joto la hewa kunaongeza nguvu ya injini. Fundi umeme akanifungia. Ukinzani wa sensa ile hupanda hewa ikipoa, kwa hiyo kompyuta ya gari ikadhani Dar kuna baridi ya Makete, ikazidisha mafuta.

Nguvu? Hamna kitu. Kwenye kilima gari ni lile lile, ila ekzosi inanuka petroli na plagi zimetoka nyeusi tii, masizi matupu. Tena ukienda mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi kwenye ekzosi, inaifanya kompyuta iyapunguze mafuta yaleyale. Rezista nimeing'oa. Sasa nabadilisha chujio la hewa, maana lililopo limejaa vumbi balaa.