Mrejesho: Brakaria iliyodumaa licha ya urea

Niliwauliza kwa nini brakaria yangu (nyasi za kulishia mifugo) ilibaki fupi na ya njano ingawa nilikuwa nikiiwekea mbolea ya urea, yenye asilimia 46 ya naitrojeni. Vipimo vya udongo vimethibitisha mlichoshuku: kilichokosekana zaidi ni fosforasi, ambayo katika udongo wenye tindikali hunaswa na chuma na alumini, mizizi isiipate. Nilitangulia kuweka chokaa ili kupunguza tindikali hiyo, nikafuatia na TSP (mbolea ya fosforasi), kisha urea nikaigawa mara mbili baada ya mifugo kula nyasi, mvua ikikaribia, kwa kuwa ikikaa juu ya ardhi bila kuzama sehemu yake hupotea hewani kama amonia (kosa nililolirudia misimu miwili). Machipukizi sasa yamesongamana, isipokuwa kwenye mteremko uliomomonyoka, ambako nimezuia mifugo na kutandaza samadi.