Debian 12 (Linux): nimesasisha kerneli (kiini cha mfumo), mafaili ya sauti hayafunguki

MjukuuWaPangani
Wakuu, habari. Naombeni msaada, nimechanganyikiwa.

Bibi yangu alikuwa msimulizi wa hadithi. Mwaka 1987 mjomba alimrekodi kwenye kaseti za dakika 60, na tangu Juni nazihamishia kwenye kompyuta, kaseti moja moja. Kila moja inatoa faili la sauti la WAV la kama MB 635. Jumamosi, sikukuu ya Uhuru, nilipiga apt upgrade, nikawasha upya, kisha nikahamisha kaseti 9 kwenda diski ya nje (yenye mfumo wa mafaili wa ext4) kwa skripti yangu ya siku zote, inayonakili faili kwa dd kisha kulifuta kwenye laptop:

dd if=$f of=/mnt/hifadhi/$f bs=4M oflag=direct && rm $f

Haikutoa kosa lolote. Leo nafungua, zote 9 zinakataa, na ls inaonyesha kila moja ina MB 4 tu! Nimepitisha fsck (ukaguzi wa diski), inasema diski ni safi. Picha nilizonakili siku hiyo hiyo kwa cp (amri ya kawaida ya kunakili) hazina shida. Je, diski imekufa? Kanda mbili kati ya hizo zilishakatika, siwezi kuzicheza tena.

kitasa_254
Pole sana dada. Kabla ya yote, usiandike chochote kwenye diski ya laptop, hata kivinjari kifunge. Tupe majibu ya uname -rv, na hii: head -c 4 kaseti07.wav | xxd

MjukuuWaPangani
Nimeandika kutoka simuni. uname inasema 6.1.0-14-amd64, Debian 6.1.64-1. Ile ya pili imetoa 0200 feff.

kitasa_254
Basi diski yako ni nzima. WAV huanza na herufi RIFF. Hapo ulipo mwanzo wa faili pameandikwa mkia wake.

Kosa ni la kerneli 6.1.64. Kuna kiraka (marekebisho ya msimbo) cha ext4 kilichotengenezwa kwa ajili ya 6.7, wakakirudisha kwenye 6.1 bila kiraka kingine cha 6.5 ambacho hicho cha 6.7 kinakitegemea. Matokeo yake, programu ikiandika moja kwa moja kwenye diski bila kupitia kache, yaani kumbukumbu ya muda (ndiyo kazi ya oflag=direct), kerneli haisogezi nafasi ya kuandikia. Kipande cha pili cha MB 4 kikaangukia juu ya cha kwanza, cha tatu juu ya cha pili, hadi mwisho. cp inapitia kache, ndiyo maana picha zimepona. Na fsck inakagua mpangilio wa diski tu, haijui sauti ya bibi ilipaswa iweje.

Debian walisimamisha toleo 12.3 kwa sababu hiyo hiyo, na Jumapili tarehe 10 Desemba 2023 wakatoa 12.4 yenye kerneli 6.1.66 (6.1.0-15). Ila usisasishe sasa! Kusasisha ni kuandika, na WAV ulizozifuta bado ziko kwenye diski ya laptop mpaka kitu kingine kizikalie. Zima, washa kwa flashi yenye Linux ya "live" (inayowaka bila kusakinishwa) ya toleo la nyuma, upitishe photorec (programu ya kurejesha mafaili yaliyofutwa), utoe matokeo kwenye diski nyingine.

mzee_wa_seva
Naunga mkono. Laptop ni SSD au diski ya kuzunguka? Kama ni SSD na fstrim (inayosafisha nafasi ya mafaili yaliyofutwa) imeshapita, matumaini ni madogo. Na kwenye hiyo skripti weka cmp (inalinganisha mafaili mawili) kabla ya rm, binti yangu. dd kunyamaza si uthibitisho.

MjukuuWaPangani
Ni ya kuzunguka, ya zamani. Narudi na majibu.

Photorec imechukua muda wa saa tano na nusu. Majina yote yamepotea, yamebaki f0182, sijui f0977, ikabidi nisikilize moja moja nijue ni kaseti ipi. Nimepata 8. Ya tisa imetoka nusu, na ni moja ya zile zilizokatika. Mjomba ameiunga kanda kwa selotepu nyembamba, tumeicheza mara moja tu huku tukirekodi. Pale kwenye kiungo kuna mkwaruzo, sekunde moja hivi, kisha bibi anakohoa na kusema "Paukwa", na watoto wote wanaitikia. Mmoja wao ni mama yangu mdogo.

Sasa niko 6.1.0-15, na cmp nimeiweka. Asanteni sana wakuu, kutoka moyoni.